Mstari wa Sababu

Fomu ya parke ina mstari mmoja wa sababu,
mfupi kama kidole changu cha shahada.
Miaka kumi na tisa naujaza: tamaa.
Herufi tano, zinaenea,
hakimu hapotezi muda.

Leo ni Kabulo wa Katuba.
Mita nane za waya wa shaba, usiku, mvua.
Namjua. Alipokuwa na miaka saba
redio ya jirani ilipotea, wakamwita mwizi.
Redio ikaonekana kwa fundi;
jina halikurudi nayo.
Shule ilimfukuza kwa minervali,
soko likamfukuza kwa jina lile.
Waliompokea ni wenye majina kama lake:
wakamgawia bukari, kisha msumeno.

Asubuhi, barabara ya Kasumbalesa,
malori yanapita na shaba ileile
iliyopigwa mihuri.
Mihuri naijua. Mpigaji ni kaka yangu,
na mwaka jana ameongeza ghorofa.

"Mwana umleavyo," anasema hakimu, anatafuta kalamu.
Mimi nimekwama kwenye silabi ya kwanza.
Hiyo *u* ni nani?
Mama yake auzaye makala kwa kopo?
Mwalimu? Jirani mwenye redio?
Mimi, niliyesikia jina likiitwa
nikafunga dirisha?

Nimeandika tamaa. Nimeifuta.
Karatasi imetoboka pale pale,
na kwenye tundu naona meza.

Kabulo, pingu mikononi, ananiuliza ni saa ngapi.
Mama, anasema, hali mpaka nirudi.