Mahali Padogo pa Kugusana

Derby, Januari. Theluji imeganda dirishani,
hita ya maabara inakohoa kama mgonjwa asiyetaka kulazwa.
Glenys anaiweka gololi ya chuma juu ya kioo,
anashusha mkono wa mashine, taratibu, taratibu.
"Tazama, Mishi. Bado havijajuana."

Vinagusana kwenye nukta.
Nukta haina upana, mzigo una uzito,
na uzito haukai pasipo kiti.
Basi chuma kinanywea kidogo, kioo kinabonyea kidogo,
vinapishana kama wageni kwenye benchi moja,
na doa jeusi linafumbuka chini ya hadubini,
duara, limezungukwa na pete za rangi.

Naongeza mawe ya mizani.
Nilidhani mzigo maradufu, doa maradufu.
La. Ukitaka duara lipanuke mara mbili
pakia mara nane.
Nikaandika, nikapiga mstari,
nikamkumbuka baba, fundi wa reli pale Voi,
akininyoshea ukucha wa kidole gumba:
"Behewa zima, na abiria, na kuku wao,
kila gurudumu linasimama hapa tu."
Nikamwita mwongo. Akanikimbiza na spana.

Katikati ya doa ndiko kunakobanwa hasa;
ukingoni, sifuri.
Lakini reli ikichoka, alinifunza Glenys,
ufa hauanzi juu wanapogusana.
Huanza chini kidogo, ndani,
pasipofika kitambaa cha mfutaji.

Kisha tunaondoa mawe, moja, moja.
Duara linasinyaa, pete zinakimbilia ndani,
nukta, halafu hata nukta hakuna.
Gololi inanyanyuka kavu.
Hapana gundi, hapana deni,
kila kimoja kimerudia umbo lake
kana kwamba hakijawahi kulemewa.

Ijumaa Glenys alistaafu.
Miaka kumi na mmoja, meza moja, birika moja la chai.
Si mtu wa kukumbatia. Alinipa mkono.
Viganja vikabonyeana, vikaachana,
akavaa kofia yake ya sufu, akaenda kungoja basi.
Nilikitazama changu chini ya taa:
hakuna alama. Kanuni haikukosea.

Leo Jumatatu nashusha mkono wa mashine
taratibu kuliko inavyohitajika,
nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Bado havijajuana,"
na chumbani hamna mtu.
Hita ikakohoa.