Kifungo cha Nne

Hakimu alitamka kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi,
karani akaandika, kisha wote wakanigeukia mimi,
mkalimani wa mahakama ya Tororo,
mshahara wa Machi haujaingia,
nimesimama kati ya meza na kizimba
kama daraja la Malaba: kila upande unanikanyaga.

Miaka kumi na sita neno hili linapita mdomoni mwangu.
Kwa dereva wa lori nasema jela.
Analijua. Amelala humo Eldoret, amelala humo Juba,
analitaja kama mtu atajavyo nyumba ya wageni
yenye kunguni lakini chai nzuri.
Kwa vijana wa stendi nasema korokoro, nao hucheka;
lina mlio wa kitu chenye magurudumu,
kitu ambacho lazima kitakurudisha jioni.
Kwa mchuuzi kutoka Mukono ni komera.
Nikilitamka nasikia komeo, nasikia koma,
ingawa yeye aliniambia kwao zamani lilikuwa ugo tu,
matete yaliyosukwa kuzunguka boma la mkubwa,
na watu waliomba kuingia.

Gereza nililitafuta kwenye kamusi
siku mvua ilipopiga mabati hata kesi ikaahirishwa.
Limetoka kwa Wareno, kamusi inasema.
Kwao lilikuwa kanisa.
Nikainua macho dirishani:
mahabusu wamechuchumaa wawili wawili topeni,
vichwa chini, Afande Emojong akiwahesabu kwa fimbo,
na mgeni angedhani ni ibada.

Lakini leo aliyesimama ni Nyafwono,
na kizimbani ni mwanawe, Oketcho,
mifuko miwili ya saruji,
miaka kumi na tisa, nywele nyeupe kwa vumbi la kiwanda.
Shati lake lilikuwa na vifungo vitatu.
Hakimu akaongeza cha nne, cha miezi minane.

"Wamesema anakwenda wapi?"

Ninayo lugha yake. Ni ya mama yangu pia.
Kwetu mahali pale ni nyumba ya kufungia,
na kitenzi ni kile kile cha mbuzi na mti wake,
cha mzigo wa kuni,
cha kitambaa tumboni mwa aliyejifungua.
Nilishindwa. Koo lilikataa
kumwambia mama wa mtu kwa lugha ya mama wa mtu.
Nikakimbilia Kiswahili, nikajificha humo:
"Kifungo, mama. Kifungo, miezi minane."

Kiswahili chake ni cha soko la Ijumaa,
cha bei, mafungu, mizani.
Alimtazama mwanawe kifuani,
pale uzi ulipobaki bila mwenzake.
Gomesi lake lina vifungo viwili begani.
Akainamisha shingo, akakata kimoja kwa meno,
akanitilia mkononi, kikiwa bado na joto la bega.

Sijui kama alikosea.
Sijui, maana hakutabasamu wala hakulia,
alishika bega la gomesi lisianguke, akatoka.

Afande Emojong alisema haiwezekani,
sare ya manjano haina vifungo,
na kitu chochote kigumu hakiingii.
Alisema kwa Kiswahili cha kambi, kifupi, bila ukatili.
Hata yeye alikitazama muda kidogo.

Kimelala kwenye droo yangu, juu ya kamusi,
cha bluu, matundu manne, kimoja kimeziba uchafu.
Ijumaa ananipitia na kikapu cha mtama.
"Kifungo kipo?"
"Kipo, mama."
"Kimebaki kiasi gani?"
Namwambia miezi sita. Namwambia mitano.

Mshahara wa Machi uliingia Juni, pungufu.