Vyumba Viwili Kwenda

Mutasingwa, pesa yako imeingia.
Uliandika: tafuta hoteli ya ghorofa,
baba alione ziwa.
Uko mbali, magoti yake huyajui.
Nimeizunguka Mwanza tangu saa tatu asubuhi
na daftari la mwanangu. Nyuma lina sehemu na desimali,
mbele nimeandika: kulala, kula, gari.
Baba amebaki kwenye kiti cha mbele.
Anasema analinda redio,
redio isiyolia tangu mwaka wa sensa.

Ya kwanza iko juu ya mwamba, Capri Point.
Ziwa lote liko dirishani, kweli,
na ngazi arobaini na mbili.
Nilizihesabu nikishuka; nikipanda nilikuwa nahema.
Ya pili, unatema mate yanaangukia geti la bandari,
lakini chini ni baa,
na spika zake zinatikisa hata maji ya ndooni.
Ya tatu haina jina, ina rangi ya kijani tu
na mama mmoja, Nkwimba, anayefua shuka mwenyewe.
Chumba cha chini. Choo ndani. Kitasa kinakubali.
Nikamuuliza: meli ni kesho usiku,
mchana kutwa mzee atajilaza wapi?
"Mgonjwa?"
"Hapana. Anahama."
Akapunguza elfu tano, na sikuwa nimeomba.

Kula.
Miaka arobaini na moja ya ugali wa Shinyanga
alinung'unika kila jioni kwamba hizi si ndizi.
Sasa anakwenda kwenye ndizi
ananiagiza michembe.
Nimeipata Kirumba, vikopo vitatu,
na karanga za kuisindikizia.
Usiku tutakula sato, banda lililo nyuma ya mwalo,
pale unapochagua samaki naye anakutazama,
na korongo wamesimama juu ya bati
kama watu wanaokudai.
Nimemnong'oneza mpishi autoe mwiba jikoni.
Baba akijua, hatutakula kwa amani.

Gari ndilo lililonikwamisha.
Unalijua. Klachi yake ilikufundisha wewe matusi,
mlango wa nyuma ulinibana mimi kidole.
Nje ya geti unaegesha bure,
ukirudi unakuta taa nazo zimesafiri.
Uwanja wa Luhende una ukuta, mbwa wawili na risiti,
elfu mbili kwa usiku.
Kijana akafungua kitabu.
Namba, nikamtajia.
Rangi, akaandika *nyeupe*, kwa huruma.
Siku ngapi? Nne.
Jina la atakayekuja kulichukua?
Nikaandika la baba.
Mkono uliandika, Mutasingwa, kwa mazoea,
kama unavyopapasa swichi kwenye nyumba uliyokwisha kuihama.
"Dada," kijana akasema, "gari tunampa mwenye jina.
Asipofika yeye, halitoki."

Kioo cha mbele kilikuwa kimeshushwa.
Baba akanyoosha mkono, akaomba kitabu,
akakiegemeza kwenye usukani,
akalikata jina lake kwa mstari mmoja, wa rula bila rula,
kama alivyokuwa akifuta marobota mabovu
kwenye leja za kiwanda cha pamba,
akaandika langu.
Herufi kubwa. La kwake na la mama yake nililorithi,
yote mawili, lisije likachanganywa na la mtu mwingine.
Akarudisha kalamu. Akapandisha kioo.
Akakishusha tena:
"Oili ibadilishwe kabla ya mvua."

Kwa hiyo hesabu imekaa hivi:
vyumba viwili kwenda, kimoja kurudi.
Tiketi vilevile.
Nkwimba amenishikia kilekile cha chini,
ingawa magoti yangu mimi bado yanapanda.
Uwanja, usiku nne, nimelipa.
Michembe haimo kwenye hesabu, ni yangu.
Imebaki elfu kumi na moja.
Sikurudishii.
Ni ya oili.