Dole Gumba

Tekle amechukua soda yangu tena,
ile chupa ya lita mbili niliyoificha nyuma ya gunia la viazi,
na karatasi ya alumini ya kuokea,
na kipande cha sabuni, na sponji,
na mafuta ya alizeti hadi tone la mwisho.
Nikamuuliza: unapika nini?
Akasema: jiwe.

Chuo cha sanaa kimefungwa tangu Machi.
Mawe yenyewe ya chokaa, mazito kama friji,
yamelala gizani, chini kabisa ya jengo,
na mwalimu wake anafundisha lithografia kwa simu,
uso ukigandaganda, midomo ikifika baada ya maneno.

Sisi tuko Gldani, ghorofa ya kumi na moja.
Mimi ni fundi wa lifti. Lifti yetu hula sarafu ndipo ipande,
na siku hizi haina wa kuilisha.
Ikifika saa tatu usiku Tbilisi nzima inafunikwa
kama sufuria iliyoepuliwa.

Basi namtazama.
Anaiviringisha foili juu ya ubao wa kukatia vitunguu,
anaipangusa kwa siki, ananionya:
usiguse, Baba, hata kwa pumzi.
Kisha anaichonga sabuni ncha kama penseli
na kuchora ua wetu unavyoonekana dirishani:
kamba za nguo zinazovuka kutoka jengo hadi jengo,
Bi Eteri akizivuta shuka zake kwa kapi,
kila kitu kinyume, kulia kushoto,
kwa kuwa karatasi, anasema, ni kioo chenye kinyongo.

Soda ikamwagwa. Ikatoa povu, ikanukia sikukuu.
Hiyo ndiyo asidi yetu, akasema.
(Na mimi miaka yote naimwagia tumboni.)
Halafu akafuta sabuni yote kwa mafuta,
mchoro ukatoweka, foili ikabaki foili.
Nikasema pole.
Akacheka: umo. Huuoni tu.

Maji kwa sponji, wino kwa rola, maji tena.
Mafuta na maji, wagomvi wa tangu na tangu,
kila mmoja akaujua mpaka wake,
na Bi Eteri akajitokeza mweusi, polepole,
mkono kwanza, kisha shuka,
kama jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi.

Mashine ya kuchapia hatuna.
Tuna kijiko cha mbao na mtungi wa mchuzi wa plamu.
Nikapewa kusugua mgongo wa karatasi,
duara ndogondogo, usikimbie Baba, usikimbie,
mpaka bega likaniuma kama zamani za kazi.

Tukaifunua.
Na pale pembeni, chini ya kamba za nguo,
dole gumba.
Mistari yote, na kovu lile la Rustavi,
mwaka mlango wa lifti uliponibana.

Nani kagusa?
Nikaitazama dari.
Alipokwenda kupokea simu ya mwalimu niliinama
nihakikishe kama kweli ni foili ileile ya jikoni.
Sekunde moja. Lakini grisi ya miaka thelathini
haihitaji zaidi.

Tukachapa nane. Katika ya tisa foili ikakunjamana,
ua ukapasuka katikati, tukaitupa.
Dole gumba liko kwenye zote nane.
Angeweza kulikata kwa mkasi. Hakulikata.
Moja ameibandika ndani ya lifti, inapanda na kushuka na hewa tupu.
Moja ni ya mama yake, aliyeko Bari akilea wazee wa watu,
naye amefungiwa nao tangu majira ya baridi,
na posta haiendi.

Kwa hiyo Tekle akaipiga picha, akaituma.
Tukangoja. Chai ikapoa.
Sikutarajia aseme lolote kuhusu ua, au Bi Eteri,
au soda iliyogeuka asidi.
Jibu likaja mstari mmoja:
*Mwambie baba yako anawe mikono.*

Nikanawa. Nilitumia kile kipande cha sabuni,
bado kina ncha.