Kipande cha Amaro

Miezi kumi na minne mlingoti wetu ulisimama
juu ya kilima cha Outeiro Vello, huko Galisia,
ukihesabu upepo kama mwenye duka ahesabuvyo senti:
mita saba nukta tisa kwa sekunde,
kutoka kusini-magharibi, usiokatika hata Agosti.
Ofisini walipiga makofi.
Kisha wakanituma mimi, Icía, binti wa fundi mawe,
nikawatafute wenye ardhi.

Upepo ni rahisi kuupima. Kazi ni watu.

Kilima kimekatwakatwa kwa mirathi
hata kimebaki viraka tupu:
huyu ana upana wa kitanda, yule ana mti mmoja na kivuli chake,
mwingine ana sehemu moja ya kumi na moja
ya mahali ambapo hajawahi kupakanyaga.
Nimepiga simu Zurich, saa ya chakula.
Nimepiga Caracas, akapokea mjukuu asiyejua
kwamba babu yake alikuwa na kwao.
Nimekunywa kahawa katika majiko kumi na tisa
nikieleza: miaka thelathini, kodi kila Januari,
barabara ya malori, nyaya chini ya ardhi,
farasi wataendelea kula nyasi zao.
Wengine walitia saini kabla sijamaliza.
Ramiro mfuga nyuki alisoma kila mstari kwa kidole,
akauliza nani atakuja kuing'oa hiyo minara ikizeeka.
Limo, ukurasa wa arobaini, nilisema.
(Limo kweli. Kwa herufi ndogo.)
Alitia saini siku ya tatu.

Kikabaki kiwanja namba 214.
Kidogo kama sebule, katikati ya njia,
pale lori lenye pangaboi la mita sitini
haliwezi kupinda wala kurudi nyuma.
Daftari la serikali linasema: Amaro Seoane.
Dada yake, Obdulia, miaka themanini na minane,
alinipeleka kwa miguu, fimbo mbele, mimi nyuma nahema.
Jiwe la mpaka lilikuwa limemezwa na miiba.
Hakulitafuta. Alipiga fimbo mara moja, likaitika.

"Aliondoka hamsini na saba, kwa meli.
Barua mbili. Halafu basi."

Nikamweleza sheria, polepole:
mahakama inaweza kutamka kwamba amekufa.
Saini yako moja tu. Kipande kitakuwa chako,
na kodi yake.

Aliutazama mlingoti, vikombe vyake vikizunguka.
"Hicho chenu kinapima unaokuja," alisema.
"Na ule uliokwisha kupita, kinajua ulichukua nini?"
Nilikuwa na mkoba umejaa karatasi.
Hakuna hata moja iliyojibu.
"Kila Aprili nafyeka hapa," akasema.
"Shamba la mtu haliachwi liwe pori
eti kwa sababu mwenyewe amechelewa."

Amechelewa.

Usiku ule, kwenye chumba cha kupanga, nikafungua ramani.
Nikaianza kona mapema, nikaisogeza barabara
mita thelathini na tano, hadi kwa Ramiro,
nikaongeza kifusi, nikaongeza gharama,
nikaangalia jumla nikakunja uso.
Asubuhi mhandisi akaandika: hapo kuna nini?

Nikamjibu: mwamba.