Mita Nne

Programu ni ya bure, alisema Raitis, mwana wa mpwa wangu,
haina mwenyewe, au wenyewe ni wengi mno.
Nikamwambia: cha bure kina mwenyewe, ila hajaja kudai.
Akacheka, akaipakia, akarudi Riga na basi la saa tisa.

Nikabaki na kompyuta kuukuu, jiko la kuni,
na Latgale nzima, kipande kwa kipande,
ikishuka kwenye kioo
kama theluji isiyo na haraka.

Miaka thelathini na mmoja nimepeleka barua huku.
Mbwa wote nawajua kwa majina, na marehemu wao.
Lakini mapaa yetu sikuwahi kuyaona kwa juu.
Mtaka cha mvunguni huinama;
mimi, kumbe, cha ardhini
kilinitaka nipae.

Bonyeza: ziwa, jeusi kama lami.
Bonyeza: ghala la Antonija, paa limebonyea katikati
kama mgongo wa farasi aliyezaa sana.
Tabaka la pili: barabara, nyuzi nyekundu.
La tatu: ramani ya kabla ya vita,
niliyoipata kwenye hifadhi ya nyaraka, nayo bure,
pamoja na doa la chai la karani fulani.
Nikaufifisha wino wake nusu, ikawa pazia lililofuliwa sana,
na chini yake, shayiri ya mwaka huu.

Ndipo nikaita watu. Kosa langu.

Donats na Vitolds wanagombania mtaro
tangu Donats alipouzibua kwa koleo mwaka juzi.
Walivua viatu mlangoni, wakakaa pande mbili za meza.
Soksi ya Vitolds ilikuwa na tundu.
Mtaro wa zamani: mstari wa buluu.
Mtaro wa sasa: ufa wa kijani.
Nikapima kati yake. Mita nne,
ndani ya shamba la Vitolds.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.
"Picha haina ndugu," alisema Vitolds.
Donats akavaa viatu bila kufunga kamba.
Baridi yote ile hawakusalimiana,
hata kwenye maziko ya Monika,
walikobeba jeneza moja, huyu mbele, huyu nyuma.

Machi, nikitafuta tu kiota cha korongo,
nikaona kanisa limetoka nje ya kuta zake.
Mita nne, kuelekea mashariki.
Nikaenda ziwani: ufuko umepanda nchi kavu, mita nne.
Nikaja kwangu: jiko langu liko uani, linapikia upepo.
Wilaya nzima ilikuwa imeiba mita nne
kutoka kwa wilaya nzima.

Dunia ni duara, karatasi ni bapa;
wapimaji huita makadirio, nami nikadhani ni jina tu.
Kumbe ni ungamo.
Nikachagua namba nyingine kwenye orodha ndefu,
na kanisa likarudi ndani ya kuta zake
kimya, kama mtu aliyechelewa misa.

Mtaro nao ukarudi. Karibu wote.
Ilibaki nukta moja ya picha,
sentimita ishirini na tano,
upana wa koleo.
Nikakuza, nikakuza, hadi shayiri ikawa miraba,
na mraba ukakataa kusema.

Nikatoa baiskeli. Matope yalifika kwenye mnyororo.
Nilianza kwa Vitolds: kosa ni langu, mita nne zote.
Akaniuliza, "Zote?"
Bahasha za watu nimezibeba miaka thelathini na mmoja,
sikufungua hata moja.
"Zote," nikasema.

Nikielekea kwa Donats nilipita mtaroni.
Maji yalikuwa yanakwenda.
Upande wa Vitolds, ukingo ulikuwa na udongo mpya,
uliopigwapigwa kwa mgongo wa koleo.
Ndege ya picha haijapita tena.