Mpapai wa Barabara ya Tano

Walikuja Mei, Jumatatu, na kijiko cha njano,
wakamwaga chokaa mbele ya baraza yangu,
mstari mweupe kutoka duka la Kassamali lililofungwa
mpaka kona ya msikiti.
"Mama, cherehani utaisogeza."
Nikaisogeza. Miaka ishirini na sita
miguu yake ilishachimba vijishimo vinne kwenye saruji.

Mabomba ya mtaa huu, wapo wasemao ni ya Mjerumani,
wapo wasemao ya Mwingereza. Ramani hakuna.
Mhandisi Rwegoshora anatazama kishikwambi,
anatazama udongo,
anakuja kuniuliza mimi.

Mimi fundi nguo, najua nini?
Najua mchanga unapolowa bila mvua.
Najua Agosti, vumbi limefika kwenye meno,
Dodoma nzima imewambwa kama ngozi ya ngoma,
na mpapai huu unachipua.
Nikaonyesha kwa sindano: chimba hapa.

Mita moja na nusu chini
bomba la chuma, limebunguliwa kama hindi la ghala,
na bega kwa bega nalo
bomba la kigae la maji machafu, limepasuka.
Majirani wa siku nyingi,
wakinong'onezana gizani.

Mhawi, mchimbaji wa Hombolo, ndiye aliyeanza kucheka:
"Mama Sechelela, mapapai ulikuwa ukimuuzia nani?"
Nilikula mwenyewe.
Niliwakatia wateja wakisubiri kupunguziwa suruali.
Nilipeleka hospitali, kwa wagonjwa!
Na yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu gurudumu la kijiko likadidimia.
Tope lililofichwa na lami likafungua mdomo.
Bibi aliyepita na kapu la mlenda mkavu
akasimama, akatamka neno moja la Kigogo,
lile walilolisema wa kale
tembo alipozama akitafuta maji,
likabaki kuwa jina la mji.
Tukacheka mtaa mzima,
hata Mhandisi wa Bukoba, ambaye hakuelewa.

Sasa chini kuna bomba jeusi, la plastiki.
Maji yanatoka kila siku, si Jumanne na Ijumaa tena.
Ndoo zangu saba zimekaa tupu, zinanitazama.
Bili imeshuka.
Ile harufu ya saa nane mchana imeondoka,
na bucha la Mwaluko tulilolisingizia
hatujaliomba radhi.
Haya yote ni mema. Watu wa mamlaka ya maji waliniuliza,
nikasema ni mema, nikatia saini.

Lakini ndiyo Agosti hii.
Majani ya mpapai yananing'inia
kama mikono ya koti lisilo na mwenyewe.
Jioni, nikishafunika cherehani,
nachota jagi moja, maji safi,
yaliyopimwa, yenye bei,
namwagia shinani.

Mita inahesabu.
Ihesabu tu.